Moyo ukianza mbio ghafla: mwongozo wa dawa kwa mkazi wa Dar es Salaam

Kuna moyo unaokwenda mbio kwa sababu umepanda ngazi za ghorofa la Kariakoo na mzigo begani, na kuna moyo unaokwenda mbio umekaa zako sebuleni unakunja nguo. Wa kwanza hupanda taratibu na kushuka taratibu. Wa pili hauombi ruhusa: ulikuwa unapiga mara 80 kwa dakika, mara unapiga 180, unakaa hivyo dakika kumi au saa tatu, kisha unakatika ghafla kama ulivyoanza. Mwongozo huu ni wa huo wa pili.

Mitaani huitwa presha. Wengine huambiwa ni wasiwasi, wengine hupelekwa kusomewa. Wanawake ndio wanaoambiwa hivyo zaidi, na bahati mbaya ndio wanaougua zaidi pia, karibu mara mbili ya wanaume. Mara nyingi tatizo ni la umeme wa moyo. Umeme huo huanzia vyumba vya juu, hupita kituo kimoja katikati, ndipo ushuke vyumba vya chini. Baadhi yetu tumezaliwa na njia ya panya: ama njia mbili ndani ya kituo hichohicho, ama njia ya ziada pembeni yake. Umeme ukishuka kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, unazunguka bila kusimama, na kila mzunguko ni pigo moja. Misuli na milango ya moyo inaweza kuwa mizima kabisa. Ndiyo maana mtu hupimwa ECHO, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, akaambiwa "moyo wako mzuri tu", na wiki inayofuata mbio zinarudi.

Kabla ya yote shika jambo moja: dawa ya kukata mbio huchaguliwa kwa karatasi ya ECG, mchoro wa umeme wa moyo, iliyopigwa wakati moyo unakimbia. ECG ya moyo uliokwishatulia mara nyingi haionyeshi kitu. Na dawa inayomtuliza mmoja ndani ya sekunde 20 inaweza kumwangusha mwingine, ingawa wote wawili wamefika wakisema "moyo unanienda mbio".

Hatua ya kwanza: kaa, tazama saa, hesabu

Acha unachofanya, kaa. Ukiwa unaendesha, weka gari pembeni. Ukiwa juu ya bodaboda, mwambie dereva asimame, shuka. Ukiwa kwenye daladala au mwendokasi, mwambie jirani yako unavyojisikia, usikae kimya kwa aibu. Kizunguzungu huja zaidi dakika za mwanzo, mwili ukiwa bado haujazoea ile kasi, na hapo ndipo watu huanguka.

Andika saa zilipoanza. Kisha weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Ukishindwa kuhesabu kwa sababu yanakwenda kasi mno, hiyo nayo ni taarifa, andika "hayahesabiki". Mwenye mashine ya presha ya nyumbani aitumie, inaonyesha na mapigo, ila kwa kasi kubwa wakati mwingine hukosea au hugoma kusoma.

Sikiliza mpangilio pia. Mapigo ya kasi lakini yaliyo sawasawa, kati ya 150 na 220, yaliyoanza ghafla, huashiria hiyo njia ya panya. Mapigo yanayorukaruka, moja refu, mawili mafupi, hayana hesabu, ni jambo jingine lenye dawa zake, nitalifikia. Dalili mbili ambazo wagonjwa husahau kumwambia daktari, na zinamsaidia sana: shingo kupigapiga kwa mbele, na kukojoa mkojo mwingi mweupe wakati wa mbio au baada tu ya kukatika.

Usinywe dawa ya presha ya jirani. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalofanyika kila mtaa. Nifedipini, kwa mfano, hushusha presha kwa kutanua mishipa, na moyo hujibu kwa kuongeza kasi. Mtu mwenye mapigo 180 ambaye presha yake tayari imeshuka hahitaji kitu hicho.

Hatua ya pili: puliza bomba

Hatua hii ni ya mtu ambaye daktari ameshamwambia tatizo lake ni lipi na kumruhusu kujaribu nyumbani. Kama ni mara yako ya kwanza, ruka, nenda hatua ya tatu.

Kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni, na kazi yake mojawapo ni kuupunguza moyo kasi. Ukiukasirisha, hukipunguzia nguvu kile kituo cha katikati kwa muda mfupi. Mzunguko ukikosa pa kupita, mbio zinakatika. Watu wengi wamefundishwa kujikamua tu kama wanaokwenda haja, na kwa kawaida haifui dafu. Namna iliyoboreshwa ni hii:

1. Nunua famasi bomba la sindano la mililita 10, bila sindano. Livute na kulisukuma mara moja ili lilainike.
2. Kaa kitandani ukiwa umeegemea nusu, miguu imenyooshwa. Awepo mtu wa kukusaidia.
3. Puliza kwenye mdomo wa bomba kwa nguvu inayotosha kukisogeza kidogo kile kisukumio. Endelea sekunde 15 bila kuachia. Msaidizi ahesabu kwa sauti.
4. Sekunde ya 15 ikifika, papo hapo msaidizi akulaze chali na ainyanyue miguu yako juu, kiasi cha nusu ya kusimama wima, kwa sekunde 15 nyingine.
5. Rudi kuegemea. Subiri karibu dakika moja, hesabu tena.

Namba 4 hapo juu ndiyo yenye siri, na ndiyo watu huifanya polepole. Damu inayorudi ghafla kutoka miguuni ndiyo inayoushtua ule mshipa wa fahamu. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, kwa wagonjwa 428, ulikuta kwamba waliolazwa na kunyanyuliwa miguu walirudi kwenye mapigo ya kawaida kwa asilimia 43, dhidi ya asilimia 17 ya waliopuliza tu wakiwa wameegemea. Hakuna dawa iliyotumika, hakuna gharama zaidi ya bomba.

Jaribu mara mbili. Zikigoma, acha, usijichoshe. Asijaribu kabisa mwenye maumivu ya kifua, aliyepata shambulio la moyo karibuni, mwenye mlango wa moyo uliobana, mwenye ugonjwa wa presha ya macho, wala mjamzito aliyekaribia kujifungua. Kuchovya uso kwenye maji baridi sana husaidia baadhi ya watu. Kubonyeza macho, hapana, kunaweza kuyaharibu. Kusugua mshipa wa shingo ni kazi ya daktari, kwa sababu kwa mtu mzima mwenye mafuta kwenye mishipa unaweza kumletea kiharusi.

Hatua ya tatu: lini uondoke nyumbani, na uende wapi

Ondoka mara moja ukiwa na lolote kati ya haya: maumivu au kubanwa kifua, kuishiwa pumzi, kuzimia au kutaka kuzimia, kuchanganyikiwa, jasho la baridi, au ukiwa mjamzito, au unaugua moyo tangu zamani, au hii ni mara yako ya kwanza. Ambaye hana hata kimoja na anaijua hali yake, dakika 20 hadi 30 za kusubiri zinatosha.

Usiendeshe. Usipande bodaboda peke yako, maana ukizimia hakuna wa kukushika. Bajaji au teksi, na mtu wa kukusindikiza.

Sasa mahali. Ukiwa na dalili za hatari, nenda hospitali ya karibu yenye ECG, oksijeni na mashine ya kushtua moyo, hata kama siyo uipendayo. Wa Temeke na Mbagala wana Hospitali ya Rufaa ya Temeke, wa Ilala wana Amana, wa Kinondoni wana Mwananyamala, wa Kibamba na Mbezi wana Mloganzila. Sioni busara ya mtu wa Mbagala kuipita Temeke akiwa anazimia, akae kwenye foleni hadi Upanga kwa sababu "huko ndiko kwenye mabingwa". Mbio zikishakatwa, mabingwa utawafuata kesho. Wa Kigamboni usiku msisubiri kivuko, piteni Daraja la Nyerere. Zahanati na duka la dawa muhimu visikupotezee muda. Dawa ninazozieleza hapa hazitolewi huko.

Kwa asiye na dalili kali, idara ya dharura ya Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ziko eneo moja pale Upanga. Barua ya rufaa ni ya kliniki; anayezimia mlangoni haambiwi akaifuate. Beba kadi ya bima kama unayo, na dawa zote unazotumia, zikiwa kwenye makasha yake.

Hatua ya nne: mlangoni, omba ECG kabla ya lolote

Mbio zina tabia ya kukatika ukiwa kwenye benchi, dakika mbili kabla hujaitwa. Kwa hiyo usisubiri zamu ya kuandikisha. Sema hivi, kwa adabu lakini kwa sauti: "Samahani sista, moyo wangu umeanza kukimbia ghafla saa mbili kasorobo, bado unakimbia sasa hivi. Naomba nipigwe ECG kabla haujatulia." Sentensi hiyo ina kila kitu anachokihitaji nesi kukuweka mbele: ghafla, saa ngapi, bado unaendelea.

Zikikatika kabla ya kupimwa, bado pimwa. Wenye njia ya ziada pembeni ya kituo, ile hali iliyoelezwa mwaka 1930 na Wolff, Parkinson na White, wengi wao huonekana hata moyo ukiwa umetulia.

Karatasi hiyo daktari ataisoma kwa maswali machache: michoro ni myembamba au mipana? Ipo sawasawa au imevurugika? Michoro myembamba iliyo sawasawa ndiyo yetu, na hatua inayofuata inaihusu. Mipana huhesabiwa ni mbio za kutoka vyumba vya chini, za hatari, mpaka ithibitike vinginevyo, na humo verapamili, mojawapo ya dawa za kukata mbio, ni marufuku: inaweza kuiangusha presha isinyanyuke.

Hatua ya tano: sindano

Presha ikiwa imeanguka, au fahamu zinapotea, hakuna kusubiri dawa. Unapewa cha kukusinzisha, unashtuliwa kwa umeme uliopangwa uende sambamba na pigo la moyo. Inatisha kuisikia, ila ndiyo njia ya haraka na salama kwa hali hiyo, na ndugu wasiizuie.

Presha ikiwa nzuri, utafanyishwa kwanza kule kupuliza bomba. Kukishindwa, dawa ya kwanza ni adenosini. Hii ni dawa ya ajabu kidogo. Nusu yake hupotea kwenye damu kwa chini ya sekunde 10, kwa hiyo yote inategemea namna inavyosukumwa. Mrija huwekwa kwenye mshipa mkubwa wa mkono, kwenye kiwiko. Si nyuma ya kiganja. Miligramu 6 husukumwa kwa kasi, na papo hapo husukumwa mililita 20 za maji ya dripu nyuma yake, mkono ukiwa umenyanyuliwa. Ikishindwa, baada ya dakika moja au mbili hutolewa miligramu 12. Mara nyingi inapoambiwa "dawa imegoma", iliishia njiani tu kwa sababu ya mrija mdogo au kusukumwa polepole.

Unachokihisi, ni vema ukakijua mapema. Kifua kinabana, uso unawaka moto, pumzi inakuwa nzito, na inakuja hisia ya kwamba unakata roho. Kwenye skrini mstari unanyooka kwa sekunde kadhaa. Kile kituo cha katikati ya moyo kimesimamishwa, kwa makusudi, ili mzunguko ukatike. Kisha mapigo ya kawaida yanaanza. Yote haya hayazidi nusu dakika. Mgonjwa ambaye hakuambiwa huapa kutorudi tena hospitali, na simlaumu. Kwa hiyo mwombe daktari akuhesabie kabla ya kusukuma.

Kabla haijasukumwa, taja haya bila kuulizwa:

Pumu. Adenosini inaweza kubana njia za hewa. Mwenye pumu hutafutiwa dawa nyingine.

Aminofilini au theofilini, zile za kifua, hupunguza nguvu ya adenosini. Kahawa uliyokunywa saa chache zilizopita hufanya hivyohivyo, iwe ya kijiweni na kashata au ya mgahawani Masaki.

Karbamazepini, inayotumiwa na wengi wenye kifafa, na dipiridamoli, ya kuzuia damu kuganda. Hizi huikuza adenosini, kwa hiyo dozi hupunguzwa.

Si kila kabati la dharura lina adenosini kila siku. Ikikosekana, au ikishindwa, kuna verapamili: miligramu 5 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 2, kwa wazee dakika 3, huku presha ikipimwa. Inafanya kazi vizuri na haina ile hisia ya kufa. Masharti yake ni makali: isitolewe kwa mwenye moyo uliochoka, mwenye presha ya chini, wala mwenye njia ya ziada ambaye mapigo yake yamevurugika, maana umeme wote utamiminikia njia ya panya na vyumba vya chini vitatetemeka tu bila kusukuma damu. Isichanganywe na sindano ya jamii ya propranololi, dawa za kupunguza kasi ya moyo. Kama ulimeza kidonge cha aina hiyo nyumbani kabla ya kuja, sema, hata kama ulikiazima. Hapo kuficha ndiko kunakoua.

Hatua ya sita: usitoke bila karatasi yako

Omba ECG ya mbio na ECG ya baada ya mbio, zote mbili. Zipige picha kwa simu siku hiyohiyo. Karatasi nyingi za ECG ni za aina inayochapwa kwa joto. Ukiiweka kwenye begi au ndani ya gari kwa joto letu la Januari, baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Andika pia dawa gani ilikata mbio na kwa dozi gani. Ukishikwa siku nyingine Morogoro au Tanga, daktari wa huko ataanzia hapo badala ya kuanza upya.

Kisha uliza vipimo vya kutafuta kichochezi: wingi wa damu, tezi ya thairoidi, potasiamu, na ECHO mara moja.

Hatua ya saba: dawa za nyumbani

Si kila mtu anahitaji dawa ya kila siku. Anayeshikwa mara moja kwa mwaka, zikakatika kwa bomba, anaweza kuishi bila kidonge chochote. Kumeza dawa siku 365 kwa ajili ya dakika 20 ni biashara mbovu.

Anayeshikwa mara chache lakini kwa muda mrefu, daktari anaweza kumpa kidonge cha kubeba, cha kumeza mbio zikianza na bomba likishindwa. Hutumika verapamili au dawa ya ndugu yake, diltiazemu, wakati mwingine pamoja na propranololi. Dozi yake hupangwa na daktari aliyeiona ECG yako, na mara ya kwanza hujaribiwa hospitali, kwa sababu wapo wanaoshuka presha au mapigo kupita kiasi mbio zikishakatika. Kidonge si sindano: kinachukua nusu saa, saa moja, hata zaidi. Ukishakimeza kaa au lala. Usirudie dozi kwa sababu "hakijafanya kazi". Saa mbili zikipita, nenda hospitali. Mwenye ECG ya Wolff na wenzake asipewe mpango huu bila bingwa. Majuu imefanyiwa majaribio dawa ya kupuliza puani, etripamili. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, mbio za asilimia 64 ya walioitumia zilikatika ndani ya nusu saa, dhidi ya asilimia 31 ya waliopewa isiyo dawa. Ni habari njema, lakini anayekuuzia mtandaoni leo usimwamini.

Anayeshikwa mara kwa mara hupewa dawa ya kila siku. Makundi ni haya.

Jamii ya propranololi: atenololi, metoprololi, bisoprololi, kavediloli. Zinapatikana famasi nyingi mjini na bei yake haitishi. Mwenye pumu asiguse propranololi. Mwenye kisukari anayejidunga insulini ajue kwamba zinaficha kutetemeka na moyo kudunda, dalili zinazomwonya kuwa sukari imeshuka. Jasho hubaki, alitegemee hilo. Uchovu, mikono baridi na ndoto mbaya ni vya kawaida wiki za mwanzo. Baadhi ya wanaume hupungukiwa nguvu za kiume, wakaacha dawa kimyakimya. Kuacha ghafla kunaweza kuurudisha moyo mbioni kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mwambie daktari, dawa zipo za kubadilisha.

Verapamili ya kila siku. Inafunga choo, hasa kwa wazee. Ile inayotolewa taratibu isikatwe wala kusagwa.

Flekainidi na propafenoni ni za bingwa, kwa mwenye moyo usio na kovu wala udhaifu. Amiodaroni ina nguvu, ila ni ya mwisho kwa ugonjwa huu: huweza kuharibu thairoidi, mapafu na ini, hufanya ngozi iungue kwa jua, na hukaa mwilini wiki hadi miezi baada ya kuiacha. Kijana wa miaka 25 mwenye mbio za kawaida akiandikiwa amiodaroni ya kudumu, aulize kwa upole kwa nini, na apewe jibu.

Wenye mapigo yaliyovurugika ni kundi jingine, na hapa kwetu wengi wao walipata homa ya baridi yabisi utotoni ikaharibu milango ya moyo. Kwao shabaha ya kwanza ni kupunguza kasi na kuzuia damu kuganda, isije ikapanda ubongoni. Anayetumia digoksini, ya kupunguza kasi, achunge potasiamu, hasa akiwa anatumia pia furosemidi ya kupunguza maji. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kuona rangi ya manjano ni dalili za sumu ya digoksini, arudi hospitali siku hiyohiyo. Mwenye mlango uliobana kutokana na ugonjwa huo aendelee na warfarini, ya kuzuia damu kuganda, na vipimo vyake vya INR, vinavyoonyesha damu inavyoganda. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, uliohusisha pia wagonjwa wa Afrika, ulionyesha kuwa kundi la warfarini lilipata vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ingawa hiyo ya pili haihitaji kupimwapimwa.

Dawa zinazogombana

Hapa ndipo mipango mizuri huharibikia, na mara nyingi kwenye kaunta. Ukinunua dawa yoyote, taja ile ya moyo kwanza.

Dawa za mafua zenye sudoefedrini huuchochea moyo. Bomba la salbutamoli la pumu pia, lakini usiliache. Zungumza na daktari. Rifampisini ya kifua kikuu huifanya verapamili ya kumeza iwe karibu na bure, kwa kuiharakishia ini kuivunja. Erithromaisini na klarithromaisini hufanya kinyume, huipandisha verapamili mpaka mapigo yanakuwa machache mno. Baadhi ya ARV nazo huchezea dawa hizi, kwa hiyo daktari wa CTC na wa moyo wajuane. Dawa mseto ya malaria na kwinini hugusa umeme wa moyo. Anayetumia amiodaroni au flekainidi asizinywe kwa kubahatisha kila anapopata homa, apimwe malaria kwanza.

Upande wa vinywaji, ushahidi dhidi ya chai na kahawa za kiasi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Pombe nyingi, enaji za kopo, mirungi na kukesha ndivyo ningeanza navyo. Wengine hushikwa wakiinama kuokota kitu. Haina tiba, ni ya kuijua tu.

Mfungaji wa Ramadhani asijipangie mwenyewe. Dawa ya mara mbili huweza kuwekwa futari na daku, ya mara tatu hubadilishwa na ile inayotolewa taratibu, lakini ipangwe Shaabani, si siku ya tatu ya mfungo ukiwa umekaukiwa maji.

Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka. Ikiwa ya pili imekaribia, acha ya kwanza, usimeze mbili. Mapigo yakishuka chini ya 50 ukiwa na kizunguzungu, usimeze inayofuata mpaka uongee na daktari.

Mjamzito na mtoto

Mimba huongeza mbio kwa waliokuwa nazo. Kwa wengi adenosini hutumika bila wasiwasi, kwa kuwa hupotea kabla haijamfikia mtoto. Kwa dawa ya kila siku metoprololi na propranololi huchaguliwa kuliko atenololi, ambayo hudumaza ukuaji wa mtoto tumboni.

Mtoto mchanga hawezi kukwambia. Atakataa kunyonya, atapauka, atatoka jasho, atapumua kwa kasi. Mapigo ya 220 na zaidi kwa mchanga ni ya kumkimbiza hospitali. Dozi huhesabiwa kwa uzito, na verapamili ya mshipa haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja.

Dawa zikichosha

Njia ya panya inaweza kuzibwa moja kwa moja. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, njia inatafutwa kwa umeme, inachomwa. Kwa aina ya kawaida hufaulu kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10, na hatari ya kuharibu kituo chenyewe, ikabidi uwekewe betri ya moyo, iko karibu na mmoja kati ya 100 au chini ya hapo. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unaitaja mapema kwa wanaoshikwa mara kwa mara, badala ya kuiacha iwe ya mwisho. Kwa Dar pa kuanzia ni kliniki ya Taasisi ya Moyo: fika na barua ya rufaa na zile picha za ECG, uliza wanaifanya lini, bima yako inalipa kiasi gani, na wewe utoe nini.

Ukipewa tarehe, uliza pia siku ya kusimamisha dawa. Kwa kawaida dawa za kuzuia mbio husimamishwa siku kadhaa kabla, maana zikiwa mwilini njia hujificha na daktari anaweza kukosa cha kuchoma. Katika siku hizo mbio zinaweza kurudi. Weka bomba karibu, mweleze anayelala nyumba moja nawe namna ya kuinyanyua miguu, na usisafiri mbali na mji.